Nahodha kuwa kocha huku bado anacheza: inawezekana? Aanzie wapi? (Lubumbashi)

Katibu_Katuba

Jambo yenu, ba yaya na ba papa wa basketi. Niko katibu wa ekipi ya wanawake hapa Katuba. Nahodha wetu ana miaka 33, ndiye anayepandisha mpira, na goti lake la kushoto limeanza kulalamika. Kamati inataka msimu ujao awe kocha lakini asiache kucheza, maana makuta ya kumlipa kocha mwingine hatuna. Wachezaji ni 14 bila kumhesabu yeye, mipira 6, tereni moja ya sima yenye vikapu viwili, mazoezi mara tatu kwa juma, saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu.

Sheria inamruhusu? Asome nini? Na hizo dakika 90 azigawe namna gani? Maneno ya kumtia moyo tunayo mengi. Ninalomba vitu vya kufanya.

Mezani

Papa Katibu, sheria ya FIBA (shirikisho la basketi la dunia) haimkatazi. Kama kwenye karatasi ya mechi hakuna kocha wala msaidizi wa kwanza, nahodha ndiye anakuwa kocha. Akifikisha faulu tano anakaa benchi na kuendelea kuongoza. Akifukuzwa kwa faulu ya kutolewa, hapo anapoteza kazi zote mbili, na nahodha mbadala ndiye anashika.

Tatizo si ruhusa, ni meza. Dakika 40 kabla ya mechi kocha anapaswa kuwa amempa mwandishi wa alama orodha ya majina na namba. Dakika 10 kabla, anahakikisha majina, anaonyesha watano wa kuanza, anatia sahihi. Ni wakati uleule ambao yeye kama mchezaji anatakiwa kuwa anapasha mwili moto. Na muandike majina yote 12 yanayoruhusiwa, hata la yule aliyekwama kwenye basi kutoka Ruashi: aliye kwenye orodha anaruhusiwa kucheza hata akifika mechi imeshaanza. Asiyeandikwa atakaa kuangalia.

Halafu dakika za mapumziko, zile kocha anazoomba mchezo usimame. Ni 2 katika nusu ya kwanza na 3 katika nusu ya pili, lakini saa ikionyesha 2:00 au chini yake katika robo ya nne hamwezi kupewa zaidi ya 2. Maana yake, kama hamjachukua hata moja ya zile 3 kabla ya hapo, moja imekufa. Na za nusu ya kwanza hazihamishwi. Makocha wapya hupoteza ile moja karibu kila mechi kwa kudhani wanaweka akiba.

Kikapu_Kamalondo

Akiwa tereni akitaka dakika ya mapumziko, amwonyeshe tu mwamuzi ile alama ya T kwa mikono, watampa. Na mbona tunasumbuka, Mwadi Mabika alitoka hapa Kongo bila vitabu vyote hivyo akafika juu kabisa.

Mezani

Hapana, ndugu. Mwamuzi hapokei ombi hilo. Anayeomba ni kocha au msaidizi wa kwanza, na anaomba mezani, kwa mwandishi wa alama: aende pale au waangaliane macho kwa macho na alama ionekane wazi. Mchezaji wa kawaida hana haki hiyo kabisa. Nahodha aliye kocha anayo, ila amtafute mwandishi kwa macho huku ana mpira mkononi na mtu kifuani. Na hata akiomba, anapewa saa ikisimama na mpira ukiwa umekufa, au baada ya kufungwa kikapu. Ndiyo maana ninasema muandike mtu mwingine kama kocha kwenye karatasi, hata wewe Papa Katibu kama antante (chama cha basketi cha mji) inakubali lisansi yako. Yeye abaki nahodha, mkubaliane alama moja (akishika kiuno kwa mikono miwili, kwa mfano), wewe ukimbie mezani.

Mama_Ribaundi

Mabika ni fahari yetu, lakini hapa anatajwa pasipo mahali pake. Alikwenda Olimpiki ya Atlanta 1996 na Zaire, akaingia WNBA (ligi ya wanawake ya Marekani) mwaka 1997, akachukua ubingwa wa 2001 na 2002 na Los Angeles Sparks. Hicho ni kipimo cha mchezaji. Swali la kaka Katibu ni la kazi nyingine.

Ukitaka mfano wa kucheza na kufundisha pamoja, mwangalie Mmarekani Dawn Staley. Mwaka 2000 alikubali kuongoza chuo cha Temple huku bado anacheza WNBA, akaendelea hivyo hadi 2006. Watu wanasimulia mpaka hapo na kuacha lililo muhimu: WNBA inachezwa majira ya joto, vyuo vya Marekani vinacheza kipindi cha baridi. Ekipi mbili tofauti, kalenda mbili tofauti. Hakuwahi kumtoa mtu tereni ili aingie yeye mwenyewe. Nahodha wenu ndicho mnachomtaka afanye, tena mbele ya mchezaji mwenzake anayejiona bora kuliko yeye.

Becky Hammon, naye mchezaji wa WNBA, njia yake inawafaa zaidi. Goti lilimwondoa tereni mwaka 2013. Wakati wa kujiuguza alikaa na San Antonio Spurs, ekipi ya wanaume ya NBA, mazoezini na kwenye vikao vya makocha, akiangalia na kuuliza. Mwaka 2014 walimwajiri kama msaidizi naye akaacha kucheza. Mwaka 2022 akawa kocha wa Las Vegas Aces ya WNBA, na msimu huohuo wakawa mabingwa. Na kocha Rena Wakama, aliyeipa Nigeria kombe la Afrika Kigali mwaka 2023 na kuifikisha robo fainali ya Olimpiki ya Paris 2024, hatua ambayo hakuna ekipi ya Afrika, ya wanaume au ya wanawake, ilikuwa imewahi kufika, hakupita WNBA kama mchezaji hata siku moja.

Kwa hiyo shauri langu: msimu mmoja awe msaidizi kwenye mazoezi na acheze mechi. Msimu unaofuata avue jezi. Goti limeshawaambia.

Sasa mazoezi. Mchezaji wa zamani akianza kufundisha anaharibu kwa njia tatu. Anaonyesha badala ya kueleza, kwa sababu mwili wake unajua lakini mdomo haujajifunza. Anasimamisha zoezi kila kosa. Na anaingia mwenyewe kwenye zoezi mtu akikosekana, hapo hakuna anayeangalia tena. Mumpe filimbi na daftari, mpira msimpe. Maelezo yasipite sekunde 30. Akizidi hapo waliosimama mbele watakuwa wamepoa na walioko nyuma wanapiga hadithi.

Dakika 15 za kwanza ni za kupasha mwili, na ndani yake kuruka na kutua: atue kwa miguu miwili, magoti yamekunjwa na kuelekea vidole, asiyaache yaingie ndani, ashikilie sekunde 3. Baadaye mguu mmoja. Wanawake wanachanika kano iliyo katikati ya goti (ACL) mara mbili au zaidi ya wanaume katika mchezo huuhuu, na mara nyingi hakuna aliyewagusa: ni kutua vibaya au kukata kona ghafla. Ikifanywa kila zoezi inasaidia. Ikifanywa wiki moja kabla ya mechi kubwa ni maonyesho. Kwenye sima msizidishe miruko, 40 kwa mtu inatosha.

Dakika 10 pasi. Kisha 16 za kutupa kikapuni, na hapa ndipo mipira 6 inaliwa bure. Wagawe saba kila kikapu, mipira mitatu kwa mitatu. Tupa, okota, toa pasi: mzunguko ni kama sekunde 6. Kwa mpira mmoja kwa dakika 8 ni mitupo 80, yaani 11 kwa mtu. Kwa mitatu ni 240, yaani 34. Tereni ileile, muda uleule. Badilisha mahali baada ya dakika 8. Na angalia mipira yenyewe: wanawake wanacheza namba 6, uzito wa gramu 510 hadi 550 hivi. Ekipi nyingi mjini zinafanya mazoezi na namba 7 kwa sababu ndiyo iliyoachwa na wanaume, halafu siku ya mechi mitupo yote inapita juu ya chuma.

Dakika 20 ulinzi, wanne kwa wanne upande mmoja bila kudunda mpira, watatu kwa watatu upande wa pili, wanabadilishana katikati. Kukataza kudunda kunawalazimisha wenye mpira kukimbia kutafuta nafasi, na walinzi kusogea kila pasi inapotolewa. Kisha 20 za mchezo kamili kwa sharti moja tu siku hiyo. Mfano: kikapu kinachotokana na ribaundi ya mbele (mpira mliookota baada ya mtupo wenu wenyewe kukosa) kinahesabiwa mara mbili. Akiweka masharti matatu hakuna litakaloshikwa. Dakika 5 mitupo ya adhabu wakiwa wamechoka, wawili-wawili, kama kwenye mechi. Zinazobaki 4 ni za kunyoosha misuli na tangazo.

Daftari_la_Kocha

Ninaongezea la daftari. Msiende kununua programu. Mtu mmoja benchi, kalamu, vitu vinne vya kuhesabu: mitupo yote ya kikapu, ribaundi za mbele, mipira iliyopotezwa, mitupo ya adhabu. Kupata idadi ya mashambulizi: mitupo, toa ribaundi za mbele, ongeza mipira iliyopotezwa, ongeza mitupo ya adhabu mara 0.44.

Mfano: mitupo 58, ribaundi za mbele 12, iliyopotezwa 24, adhabu 16. Ni 58 − 12 + 24 + 7, yaani 77. Mkifunga 46, kila shambulizi limezaa alama 0.6. Na mashambulizi 24 kati ya 77, karibu moja kwa kila matatu, hayakuzaa hata mtupo. Kocha aliyetoka kupandisha mpira akiona hilo ataacha kulaumu mikono ya wafungaji.

Kuhusu kusoma: chama cha makocha cha FIBA, WABC, kina vitabu vya ngazi ya 1, 2 na 3, bure kwenye tovuti. Aanze ngazi ya 1 hata kama amecheza miaka 15, kwa sababu inafundisha namna ya kufundisha. Mupakue mara moja, mufanye fotokopi za kurasa za mazoezi tu. Karatasi rasmi ni jambo la pembeni: staji na sertifika zinapitia ligi na FEBACO (shirikisho la basketi la Kongo), kwa hiyo mumwandikishe kwa barua ya ekipi yenye muhuri.

Katibu_Katuba

Aksanti sana. Mama Ribaundi, nitapeleka hilo la msimu mmoja kwenye kamati siku ya posho. Mawili yamebaki: mvua, na wale wa umri wake. Wadogo wanamwita Yaya na wanamtii. Wenzake watatu wanamwita kwa jina na wanamcheka akipiga filimbi.

Mama_Ribaundi

Wadogo wabaki na Yaya, haiharibu kitu. Kwa wale watatu, kabla msimu haujaanza azungumze na kila mmoja peke yake, kwao nyumbani, siyo tereni. Amwambie nafasi yake ni ipi na dakika ngapi anazitegemea, kwa namba. Mchezaji wa miaka 32 anasikia vizuri "dakika 12, robo ya pili na ya nne" kuliko "tutaona". Halafu atoke kwenye grupu ya WhatsApp ya wachezaji, afungue nyingine ya matangazo. Ile ya zamani ndimo watakamomsema, na ni haki yao.

Kitu kimoja ambacho kamati husahau: karatasi ya makubaliano, ukurasa mmoja. Pesa ya usafiri ni ngapi na inatoka siku gani, primi ya mechi atapata kama mchezaji au kama kocha au zote mbili, na nani analipa goti likihitaji daktari. Muandike kabla ya mechi ya kwanza. Baada ya kushindwa mara tatu hakuna atakayekumbuka alichoahidi.

Daftari_la_Kocha

Mvua: kuanzia Novemba hadi Machi mtapoteza mazoezi mengi, kwa hiyo mpango wa pili uwe tayari. Sima ikiwa na maji msicheze hata nusu saa, hapo ndipo magoti yanapochanika. Tafuteni baraza la parokia au darasa. Dakika 20 za kutua na za nguvu ya mapaja zinafanyika mahali popote. Kisha meza, vifuniko 10 vya chupa za bia, vitano vya rangi moja na vitano vya nyingine, tereni ichorwe kwa chaki. Kila mchezaji asogeze kifuniko chake mwenyewe na aseme kwa sauti anakwenda wapi na kwa nini. Aliyekaa kimya ndiye atakayepotea siku ya yenga kwenye mechi.

Mezani

Na saa ya shambulizi, ile inayohesabu muda wa kutupa kikapuni, nimesahau. Kama antante yenu inapiga sekunde 24, mazoezini mtu mmoja ahesabu kwa sauti kuanzia 8 kushuka. Baada ya ribaundi ya mbele iliyotoka kwenye chuma mnapata 14, hamrudishiwi 24. Ekipi zinazofanya mazoezi bila saa zinapanga mchezo upya kama zina muda wote, halafu zinashangaa filimbi.