Naomba ushauri: mimi ni mchoraji ila nipo kwenye seva ya madeveloper
Wakuu habari zenu. Nachora kwa Krita, programu ya kuchorea kwenye kompyuta, na akaunti yangu ya Mastodon (mtandao wa kijamii wenye seva nyingi, kila moja na jamii yake) ipo kwenye seva iliyojaa madeveloper, yaani watengeneza programu, kutwa nzima ni Linux na kodi za programu. Mtu akiposti kipande cha kodi wanamjaa kwa maswali, mimi naweka mchoro niliokesha nao, kuchora vidole tu kumenitesa mpaka alfajiri, napata laiki mbili tatu basi, anayejibu anauliza nimetumia AI gani, inauma jamani. Na Mastodon haina algorithimu ya kukusukuma, bila heshitegi ni ngumu kuonekana na wasiokufuata. Nawaza kuhamia mastodon.art, seva ya wasanii wenzangu, wafuasi unahama nao ila posti za zamani zinabaki. Mliohama, kuna watu wanaokosoa kazi kweli? Au nibaki nitafute watengeneza gemu wanaohitaji mchoraji?