ARUSI KIN – FAMILI YOTE

Jumatatu

Béa 06:41
Bandugu, mmeamka salama? Leo tumalize maneno ya matembezi, juu arusi yenyewe imekwisha kupangwa. Tunafika Kin Alhamisi mchana, arusi Jumamosi, kurudi Jumatatu. Mimi siwezi kupanda ndege mpaka Kinshasa nile kuku wa arusi halafu nirudi hapa Katuba, Lubumbashi, bila kuona kitu. Wengine humu hawajawahi kukanyaga mji mkuu wa nchi yao. Nimetengeneza programu. Someni mpaka mwisho.

Béa 06:44
Ijumaa asubuhi: Boulevard Triomphal. Pale vitu vitatu viko karibu karibu, miguu inatosha. Musée national, ile Wakorea ya Kusini walitoa falanga ya kujenga, ilifunguliwa 2019. Palais du Peuple, ya Wachina, 1979, ndimo bunge linakaa. Na Stade des Martyrs. Mchana tunashuka Gombe: gare centrale, Boulevard du 30 Juin, tuone mto na Brazzaville ng'ambo. Jumapili baada ya misa: mlima Ngaliema. Mchango dola 25 kwa mtu mukubwa, batoto nusu. Basi dogo, Solange anatafuta.

Béa 09:15
Watu 19 wamesoma. Hata "ndiyo" moja hakuna.

Béa 11:02
??

Trésor 11:20
Yaya, umeme ulikatika tangu jana. Simu zilikufa.

Béa 11:21
Zilikufa na saa nne umeweka picha ya timu yako Mazembe kwa statasi yako.

Tonton Gaby 11:40
Mimi niko na swali moja. Saa za programu ni za kwetu ao za Kin? Wale wako nyuma yetu saa moja.

Béa 11:40
Za Kin.

Tonton Gaby 11:41
Basi nitalala saa moja zaidi. Programu imepita.

Mama Odette 12:05
Kitenge ya arusi ni yadi ngapi kwa mutu?

Béa 12:06
Mama, hiyo iko kwa kikundi ya bamama. Hapa ni matembezi.

Trésor 12:30
Mimi naingia Stade des Martyrs na maillot ya Mazembe 🖤🤍

Tonton Gaby 12:31
Watu wa V.Club, timu ya Kin, watakupandisha mtumbwi, utapokelewa Brazzaville.

Trésor 12:31
Nitarukaruka na matako kama kipa Kidiaba mpaka mlangoni 😂

Shemeji Lupopo 12:33
Angalau matako yenu yanajua kucheza.

Béa 12:40
Jina la stade ile halikutoka kwa mpira. Martyrs ni wale wanne Mobutu aliwanyonga mbele ya watu tarehe 2 Juni 1966: Kimba, Bamba, Anany, Mahamba. Na Kimba ni wa kwetu, Muluba wa Bukama. Alisoma hapa hapa Lubumbashi, wakati ule Élisabethville. Heshima kidogo.

Shemeji Lupopo 12:42
🙏 Samahani Yaya. Lakini ya matako ni kweli.

Tonton Gaby 14:55
Mbona stade Tata Raphaël haimo? Ali alimwangusha Foreman pale 1974. Mimi nilikuwepo.

Solange (Kin) 15:10
Tonton, ulikuwepo namna gani?

Tonton Gaby 15:11
Roho ilikuwepo. Mwili ulibaki Kipushi.

Solange (Kin) 15:14
😂😂 Iko karibu na Matonge, tunaweza kupita. Ila mkija mchana mtakuta tu vijana na mpira wao. Pambano lenyewe lilianza kama saa kumi ya usiku, juu ya televisheni za Marekani. Watu wa Kin walikesha, Ali akamaliza kazi raundi ya 8.

Trésor 15:15
ALI BOMA YE 🥊

Béa 15:20
Nasubiri ndiyo za watu, mnaniletea boksi.

Modeste 16:48
Ngaliema tunaenda kufanya nini?

Béa 16:50
Kuona. Sanamu za wakoloni zote ziliishia kule: Stanley, Léopold II juu ya farasi wake. Zilitolewa mjini wakati wa Mobutu. 2005 walimrudisha Léopold karibu na gare, hakukaa hata siku mbili, wakamshusha tena.

Modeste 16:52
Dola 25 kumwona Léopold.

Tonton Gaby 16:53
Alibeba mpira wetu wote bila kulipa, sasa sisi tunamchangia. Wabatizwa tuko na roho nzuri.

Modeste 16:55
Na nani atashika hiyo falanga?

Béa 16:55
Mimi.

Modeste 16:56
Mm.

Béa 16:56
Mm nini?

Modeste 16:57
Nimeuliza tu.

Béa 16:59
Modeste usinianze. Wewe ndiye wa kuuliza mambo ya safari ya famili? Tangu Juni 2022 wewe ukae kimya kabisa kila mara gari inapotajwa humu.

Modeste 17:01
Hiyo maneno ilikwisha. Nilitoa mbuzi.

Béa 17:02
Mbuzi tulikula sisi. Baba Mukubwa hakugusa hata supu.

Modeste 17:03
Mizigo ilikuwa inaozea mpakani Kasumbalesa!! Mlitaka nifanye nini? Nani alinilipia?

Mama Odette 17:09
Batoto basi. Baba Mukubwa naye anasomewa hizi ujumbe.

*Modeste amefuta ujumbe*

*Modeste amefuta ujumbe*

Tonton Gaby 17:15
Tuliweni, nina picha ya mbuzi yule kwa simu, nitume?

Béa 17:15
Tonton, hapana.

Solange (Kin) 18:30
Nilikuwa kazini. Kitu kimoja sioni: Limete, kwa kaburi la Lumumba. Hakuna aliyeweka Limete?

Béa 18:34
Tunapita tukitoka uwanja wa ndege. Kutoka N'djili barabara ni ile ile, Boulevard Lumumba. Mnara wa Échangeur ni mita 210, hata mwenye kusinzia atauona. Tunapiga picha kwa dirisha ya basi, tunaokoa nusu siku.

Solange (Kin) 18:35
Haya. Nilifikiri tu.

Trésor 20:47
Nkambo, Baba Mukubwa wenu, ameniambia niandike. Ni neno kwa neno, amekaa pembeni yangu, anaangalia kidole.

Trésor 20:56
"Mimi Anaclet. Nimesomewa yote. Béa, aksanti kwa kazi. Musée, stade, mto, ni vizuri, vijana waone. Mimi miguu ya kuzunguka sina tena.

Mwezi wa kwanza 1961 nilikuwa mutoto. Baba yetu alirudi kutoka kazini, Union Minière, akafunga mlango mchana, akatukataza kutaja jina la Lumumba hata ndani ya nyumba. Hatukujua kama amekwisha kuuawa, na ni huku kwetu, si mbali. Mwezi wa pili ndipo walitangaza kwa radio kwamba alitoroka, wanakijiji wakamuua. Baba alicheka. Kile kicheko sikukipenda. Mwili waliukata, wakauyeyusha kwa asidi. Polisi mmoja Mubelgiji akaenda kwao na jino.

2022 jino lilirudishwa, likapita Shilatembo, pale alipouawa. Nilivaa suti tangu saa kumi na moja ya asubuhi, nikakaa kwa kiti mbele ya mlango. Mnajua yaliyofuata. Sina ubaya na mutu. Lakini kupita si kufika. Sitaki kuonyeshwa mnara kwa dirisha ya basi. Nitaenda Limete nisimame mbele yake, na Modeste ndiye atanipeleka. Kama Limete haimo, mimi nabaki Katuba, arusi mtanisalimia. Nimemaliza."

Mama Odette 20:58
🙏🏾

Tonton Gaby 21:20
Tumesikia, Mukubwa.

Béa 21:24
Tumesikia, Baba Mukubwa. Naibadilisha programu usiku huu.

Béa 21:25
Modeste, umesoma. Naona umesoma.

Jumanne

Béa 06:30
Programu mpya. Limete inaingia. Ama Alhamisi moja kwa moja tukitoka N'djili, na mizigo ndani ya basi, ama Ijumaa asubuhi, na Boulevard Triomphal inasogea mchana. Ngaliema nimeitoa, Modeste furahi.

Shemeji Lupopo 07:15
Alhamisi Baba Mukubwa atakuwa amechoka na ndege.

Trésor 07:16
Anasema hachoki.

Solange (Kin) 08:02
Yaya Béa, nikuambie pembeni kabla hujapanga. Novemba 2024 watu walivunja pale kaburini, waliharibu jeneza. Serikali ilisema jino liko salama. Lakini acha nipite mwenyewe kesho niulize kama wanapokea watu ndani, tusimpeleke muzee akabaki kwa geti.

Béa 08:03
SOLANGE hii ni kikundi!!! Si pembeni!

Solange (Kin) 08:03
Mungu wangu.

Béa 08:04
Trésor usimsomee hiyo.

Trésor 08:06
Simu iko mkononi mwake.

Trésor 08:09
Anasema: "Ninajua. Mimi nasikiliza radio. Solange aulize, na aulize wanafungua saa ngapi."

Tonton Gaby 08:30
Basi mimi nashauri. Kama ni kuamkia wakubwa, twende na kwa kaburi la Mzee Laurent-Désiré Kabila. Yuko Gombe, mbele ya Palais de la Nation. Mmoja aliuawa 17 ya mwezi wa kwanza, mwingine 16. Tukimwacha, watu wa Katanga tutasemwa.

Béa 08:33
Pale ni kwa rais, Tonton. Hakuna kuinua simu kupiga picha, askari wataichukua.

Trésor 08:35
Lakini ni ndani ya Palais ile Lumumba alimjibu mfalme Baudouin, 30 Juni 1960. Inafaa tuione hata kutoka barabarani.

Tonton Gaby 08:36
Umeona? Mutoto amesoma. Na matako ya Kidiaba juu yake.

Béa 08:40
Kutoka barabarani, simu mfukoni, Tonton Gaby anakaa katikati ya basi. Nimeandika.

Béa 10:00
📊 KURA: Limete lini?
Alhamisi tukitoka N'djili
Ijumaa asubuhi

Béa 13:10
Alhamisi 4, Ijumaa 5. Tonton Gaby umepiga zote mbili, toa moja.

Tonton Gaby 13:30
Mimi niko na kila mutu.

Solange (Kin) 13:34
Ijumaa asubuhi foleni ya Limete mnaisikia kwa habari tu, ninyi. Tukitaka saa mbili, basi litoke saa kumi na mbili kabisa. Na tukianza na Limete sijui kama tutawahi musée siku hiyo.

Béa 13:36
Musée isogee Jumapili?

Mama Odette 15:20
Jumapili si ndiyo kwenda kuona wakwe na mahari iliyobaki?

Béa 15:21
Mahari iliyobaki??? Nani alisema imebaki?

Mama Odette 15:22
Hiyo iko kwa kikundi ya bamama.

Modeste 19:47
Ndiyo Baba. Nitakupeleka.

Trésor 19:52
Nkambo amesikia. Hajasema kitu, ameomba chai.

Béa 19:53
Ndiyo ya Alhamisi ao ya Ijumaa?

Solange (Kin) 20:15
Yeyote anayekuja aniletee chikanda, nzito nzito, na munkoyo lita mbili. Huku nimekula pondu mpaka meno yamekuwa kijani.

Tonton Gaby 20:17
Munkoyo ndani ya ndege? Itapasuka tuitwe magaidi wa Lubumbashi.

Shemeji Lupopo 20:20
Mimi nabeba chikanda. Mchango wangu natuma mwisho wa mwezi Yaya.

Béa 20:21
Mwisho wa mwezi tutakuwa tumerudi!

Béa 20:30
Modeste. Alhamisi ao Ijumaa? Na tiketi yako umelipa?

Modeste 22:41
Kesho.

Béa 22:41
Kesho unalipa, ao kesho unajibu?