Dramu zangu zikirekodiwa zinasikika kama maboksi. Maiki nne, chumba kidogo, naziweka wapi?

kiki_ya_usiku

Habari wakuu, naomba msaada maana nimeshachoka kabisa. Nina dramu seti ya kawaida, kiki (dramu kubwa ya mguu) inchi 22, sneya (ile yenye nyaya chini) inchi 14, tomu mbili za juu na moja ya chini, na matoazi ya hai-hati, kreshi na raidi. Chumba ni kidogo, mita tatu kwa tatu na nusu hivi, na dari iko chini, nikinyoosha mkono naigusa. Kadi ya sauti ina matundu manne tu ya maiki. Nilizonazo ni maiki ya SM57 moja naweka kwenye sneya, maiki moja ya kiki, na kondensa mbili ndogo (maiki zenye usikivu mkali) nimezipandisha juu, moja kulia moja kushoto, zimebaki kama sentimita 30 kufika dari.

Sasa shida yenyewe ni hii, nikisikiliza maiki moja moja kila moja iko poa tu, sneya inapiga, kiki ina uzito, ila nikizifungulia zote pamoja sneya inakuwa nyembamba kama napiga kopo na kiki inarudi nyuma huko sijui wapi. Nikisikiliza kwa simu yenye spika moja ndo balaa, sneya inapotea nusu nzima. Jana nimekaa na ekyu (ya kurekebisha besi na makali) masaa mawili, naongeza huku napunguza kule, mwisho imekuwa mbaya kuliko nilipoanza. Nilikuwa nafikiria ninunue kadi yenye matundu nane ili kila tomu ipate maiki yake. Mnanishauri vipi?

ngozi_mpya

Mkuu kabla hujagusa stendi yoyote, ngozi za hizo dramu zina umri gani? Naulizaga hivi kila mtu na kila mtu ananikasirikia lakini ndo ukweli, maiki inachukua kilichopo. Kama sneya ukiipiga hapo chumbani inalia kama kopo, hata uiwekee maiki kumi utarekodi kopo mara kumi.

Chukua funguo, gonga na kijiti taratibu karibu na kila skrubu, vidole viwili kutoka ukingoni, sikiliza kama sauti inafanana pande zote. Inayolia chini kaza kidogo, inayolia juu legeza, zunguka mpaka zote ziseme kitu kimoja. Kiki weka mto mdogo ndani uguse ngozi zote mbili kwa mbali, usiijaze kama sanduku la msafiri ikabaki inasema tap tap.

uzi_na_rula

Ngozi kweli muhimu, ila alichoeleza jamaa sio ngozi. Amesema maiki moja moja ziko poa halafu zikiwa pamoja zinaharibika. Hiyo ni fezi mkuu, yaani sauti ileile inafika kwenye maiki kwa nyakati tofauti na mawimbi yanagongana, na ekyu haiwezi kuitibu hata ukae nayo wiki.

Iko hivi. Sauti inatembea kama mita 343 kwa sekunde, yaani kila sentimita 34 inakula milisekunde moja. Tuseme kondensa ya kulia iko mita moja kutoka kwenye sneya na ya kushoto iko mita moja na sentimita 34. Pigo moja la sneya linafika kulia, halafu milisekunde moja baadae linafika kushoto. Ukizijumlisha, mawimbi ya hezi 500 (mitikisiko 500 kwa sekunde) yanakutana moja likipanda lingine likishuka na yanafutana. Sio hapo tu, 1500 nayo inaenda, 2500 nayo. Ndo maana kwa simu ya spika moja sneya inapotea, pale kulia na kushoto vinalazimishwa kukaa pamoja, kwenye hedfoni haionekani sana kwa sababu kila sikio lina maiki yake.

Halafu hiyo dari. Maiki ikiwa sentimita 30 chini ya dari, sauti ya sneya inapanda inapita maiki, inagonga dari, inarudi kwenye maiki ileile. Imetembea sentimita 60 zaidi. Piga hesabu unapata kwamba inayofutwa kwanza ni karibu na hezi 286, na mwili wa sneya unakaa maeneo ya hapohapo. Tumbo la sneya yako limekwenda huko. Dari ya chini inakula sneya kuliko kitu chochote nilichowahi kuona, na watu wanahangaika kununua maiki.

Fanya hivi:

Shusha hizo kondensa. Ya kwanza iwe juu ya sneya moja kwa moja, urefu wa vijiti viwili vya dramu ukiviunganisha, inakuja kama sentimita 80, inaangalia chini. Ya pili iwe juu ya bega lako la kulia ukiwa umekaa (kama unapigia mkono wa kulia), nayo inaangalia sneya. Sasa chukua uzi usiovutika. Ncha moja ibandike kwa tepu katikati ya sneya, ncha nyingine kwenye ukingo wa kiki juu ya pale kijiti cha pedali kinapogonga. Vuta uzi mpaka kichwa cha maiki ya kwanza, ubane kwa vidole hapohapo, unapata pembetatu. Usiachie hiyo sehemu uliyobana! Peleka vidole vyako upande wa bega huku uzi ukiwa umekaza pande zote mbili, pale vidole vinapofika ndo maiki ya pili inakaa. Umeshapata maiki mbili zilizo mbali sawasawa na sneya na mbali sawasawa na kiki, zote zinafika kwa wakati mmoja na zinakaa katikati.

Juu ya dari hapo kwenye dramu funga kitu kinene, godoro la zamani au mablanketi mazito yaliyokunjwa kunjwa. Ile sponji nyembamba yenye vichuguu inapunguza makali ya matoazi tu, hiyo 286 inaipita kama haipo.

maiki_mbili_tu

Jamani mnamfanya mtu awe fundi seremala. Uzi, pembetatu, magodoro! Fundi wa kurekodi Andy Johns alimrekodi John Bonham, mpiga dramu wa Led Zeppelin, kwenye nyumba ya Headley Grange kule Uingereza kwa maiki mbili za Beyerdynamic M160 zimewekwa juu kwenye ngazi, hakuna ya kiki hakuna ya sneya, na mpaka leo watu wanaisaka ile sauti. Weka maiki mbili mbali kidogo, bana na kompresa (inayosawazisha sauti kubwa na ndogo), maliza.

uzi_na_rula

Mkuu hiyo stori naipenda sana na ni kweli, lakini umesahau nusu yake. Pale dramu zilikuwa chini kwenye ukumbi wa nyumba kubwa na ngazi inapanda ghorofa kadhaa juu yake, maiki ziko kule juu zinaangalia chini. Huyu mwenzetu akinyoosha mkono anashika dari. Akipeleka maiki mbali anaenda wapi, ukutani? Kwenye chumba cha mita tatu unavyoisogeza maiki mbali ndo unavyorekodi boksi lenyewe. Halafu Bonham alikuwa anapiga yeye mwenyewe kwa uwiano, toazi halimezi sneya. Mimi nikipiga kreshi maiki zote nne zinalia kreshi.

maiki_mbili_tu

Haya hapo umenishika. Lakini ujanja wa korido bado uko palepale, ukiwa na maiki ya ziada fungua mlango uiweke nje huko iangalie ukuta usiiangalizie dramu, ukiichanganya kidogo tu chumba kinakua. Mimi nimefanya hivyo mara nyingi na chumba changu hakizidi chake.

kiki_ya_usiku

Wakuu nimerudi. Nimefanya ya uzi. Mara ya kwanza nilipomaliza kupima vizuri kabisa mdogo wangu akapita akapiga stendi na goti, nikaanza upya nikiwa na hasira. Ila nilipofungulia zile kondensa mbili peke yake, bila hata maiki ya kiki wala ya sneya, nimebaki nimekodoa macho. Sneya iko katikati kabisa, ina tumbo, na kwa simu haipotei. Dari nimefunga mablanketi manne, godoro limekataa kushika.

Sasa mawili yamebaki. La kwanza, nikiongeza maiki ya kiki besi inapungua badala ya kuongezeka, sielewi inakuwaje unaongeza maiki halafu kitu kinapungua. La pili, maiki ya sneya imejaa hai-hati, nikiipandisha sneya na hai-hati inapanda nayo.

toazi_linavuma

La kwanza jepesi. Kwenye programu ya kurekodi, juu ya traki ya kiki kuna kitufe chenye alama ya duara lililokatwa na mstari. Bonyeza, sikiliza besi tu, bonyeza tena, sikiliza. Penye besi nene ndo penyewe, acha hapo. Usitumie macho, usitumie kanuni, masikio tu, na uwe umefungulia zile za juu wakati unajaribu maana kiki peke yake haitabadilika chochote ukibonyeza. Ukisikia tofauti ni ndogo pande zote mbili, sogeza maiki ya kiki sentimita tano ndani au nje halafu rudia, kwa sababu kile kitufe kinageuza tu wimbi juu chini, hakisogezi muda.

Na hiyo maiki ya kiki iko wapi hasa? Ukiizamisha ndani karibu na ngozi inayogongwa unapata ule mlio mkali wa pigo, ukiirudisha kuelekea kwenye tundu la ngozi ya mbele unapata mvumo mzito zaidi. Usiiweke katikati ya tundu lenyewe, pale hewa inatoka kwa nguvu kila pigo na maiki inasikia upepo, puf puf.

La pili la hai-hati. SM57 inasikia vizuri mbele na nyuma yake ni kiziwi. Kwahiyo usifikirie kichwa cha maiki kinaangalia wapi peke yake, fikiria mkia unaangalia wapi. Mkia uelekee hai-hati. Wengi wanaiingiza maiki kutoka upande wa mbele kati ya tomu na hai-hati halafu ubavu ndo unaangalia hai-hati, inachukua kila kitu. Izungushe mpaka waya unaotoka nyuma uwe unaelekea kwenye hai-hati, kichwa kipite juu ya ukingo wa sneya vidole vitatu juu ya ngozi, kiangalie katikati. Halafu pandisha hai-hati yenyewe juu kidogo kama mkono wako unaruhusu.

Halafu hili sio la maiki, usinichukie. Piga hai-hati taratibu. Rekodi dakika moja unavyopiga siku zote, halafu dakika moja ukiwa unaipiga sneya kwa nguvu na hai-hati kama unamgusa mtoto aliyelala. Utaona ile shida imeondoka yenyewe bila kununua kitu.

ngozi_mpya

+1 kwa mkono mwepesi. Na geini (nguvu ya sauti inayoingia kwenye kadi) usiijaze, ukirekodi kwa biti 24 huna haja ya kusogelea nyekundu, pigo lako kubwa kuliko yote liishie kwenye desibeli -10 hivi. Wapiga dramu wote wakati wa kupima geini wanapiga kama wanaomba radhi, wakianza wimbo wanapiga kama wana deni.

kiki_ya_usiku

Hahaha hiyo ya deni ni mimi kabisa.

Kitufe nimebonyeza, aisee. Kiki imekuja mbele kama mtu kafungua mlango. Mkia wa 57 nimeuelekeza hai-hati, imepungua sana sio yote ila sasa naweza kupandisha sneya bila kuogopa. Kwahiyo ile kadi ya matundu nane ninunue au niache?

uzi_na_rula

Iache kwanza. Sasa hivi tomu zako zinasikika kwenye zile za juu au hazisikiki?

kiki_ya_usiku

Zinasikika vizuri tu, ya chini imeegemea kulia kidogo. Shida yake inanguruma yenyewe kila nikipiga kiki, vuuum, hata sijaigusa.

uzi_na_rula

Basi maiki ya tomu ingekuletea hiyo vuuum karibu zaidi. Legeza au kaza ngozi ya chini ya hiyo tomu nusu mzunguko ili isifanane na noti ya kiki, na ubandike kipande kidogo cha tepu na karatasi laini iliyokunjwa pale ukingoni. Na hizo stendi zichoree alama za tepu sakafuni, kila mguu na alama yake, kabla mdogo wako hajarudi.

kiki_ya_usiku

Tepu nishabandika mkuu, na uzi nimeuacha umefungwa kwenye stendi ya hai-hati. Naenda kugeuza hiyo tomu, nikirekodi napandisha kipande msikilize.

maiki_mbili_tu

Na korido usiisahau.