Hazina ya pango la joka inatuvuruga: tuigawane vipi kwa haki?

Mwanamigosi (Kisumu) ameuliza:

Hamjambo wanajukwaa. Naomba ushauri kuhusu jambo ambalo limeninyima raha kwa majuma mawili sasa. Sisi ni watu watano ambao hukutana Jumamosi moja baada ya nyingine kupita, alasiri, nyumbani kwangu mtaani Migosi, kucheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kusimulia hadithi na kurusha dadu, toleo la tano. Mimi ndiye msimulizi, yaani ndiye ninayeieleza dunia ya mchezo na kuwaendesha maadui. Wenzangu wanne wana wahusika wao, ambao ni mpiganaji, mchawi, kasisi na mnyatiaji. Ramani tunaichora nyuma ya kalenda za miaka iliyopita, na vifuniko vya soda ndivyo maadui wetu. Tumecheza hivyo kwa mwaka mmoja na nusu bila mtu kumkasirikia mwenzake.

Mara ya mwisho tulipokutana, walimshinda joka mchanga baada ya karibu saa tatu za mchezo. Pangoni mwake walikuta sarafu 1,600 za dhahabu, deraya kamili ya chuma, chupa nne za dawa ya uponyaji, na pete ya ulinzi, ambayo humwongezea mvaaji alama moja ya kinga na alama moja katika kila jaribio la kujiokoa. Desturi yetu imekuwa kwamba sarafu tunagawana sawa na kifaa kinamwendea anayeweza kukitumia. Chupa zilikuwa nne na watu wanne, kwa hiyo hazikuwa na maneno, na sarafu zilikuwa 400 kwa kila mmoja. Mpiganaji akaiandika deraya kwenye karatasi yake papo hapo, kwa kuwa hakuna mwingine katika kundi aliyefunzwa kuvaa chuma kizito. Kisha akaiomba na pete, kwa hoja kwamba yeye ndiye anayesimama mbele na kupigwa.

Mchawi akaweka kalamu chini, akasema kwa sauti ya upole ambayo ilinitia wasiwasi kuliko kelele: "Kila kinachookotwa kinamfaa yeye. Mimi kinachonifaa ni sarafu, na sarafu tunagawana sawa." Nilipofungua kitabu niliona kwamba ana hoja. Deraya hiyo bei yake ni sarafu 1,500, na mchawi anayetaka kunakili uganga mpya katika kitabu chake hulipa sarafu 50 kwa kila daraja la uganga huo. Mmoja ametoka pangoni na mali ya sarafu 1,900, mwingine na 400.

Yako mengine mawili. Mwenye kasisi hakuwepo siku hiyo, kwani alikuwa Busia kikazi, na mhusika wake aliendeshwa na mwenye mnyatiaji. Sasa kuna anayesema kwamba asiyekuwepo hastahili fungu. Tena, wakati wenzake walipokuwa bado mlangoni mwa pango, mwenye mnyatiaji alinipitishia kikaratasi chini ya meza kilichosema kwamba ameficha kito kimoja chenye thamani ya sarafu 100. Kikaratasi hicho kimo katika mfuko wa shati langu mpaka leo, na sijamwambia mtu yeyote. Mngefanya nini?

Mzee wa Lurambi (Kakamega) amejibu:

Mwanangu, usilione jambo hili dogo, maana ni la tangu mwanzo wa mchezo wenyewe. Gary Gygax na Dave Arneson walipoutoa mwaka 1974, kila sarafu moja ya dhahabu iliyofikishwa nyumbani salama ilihesabiwa kuwa alama moja ya uzoefu, kwa hiyo aliyepunjwa dhahabu alikuwa amepunjwa makuzi ya mhusika wake. Mimi nilianza kwa vitabu vya zamani ambavyo kaka yangu alirudi navyo kutoka masomoni Uingereza, na katika kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 mlikuwa na kiambatisho kizima cha kupendekeza mapatano ya kugawana hazina. Utaona kwamba walikwisha kujua kuwa mapatano hufanywa kabla ya kuingia pangoni, wakati ambapo hakuna anayejua kitakachookotwa wala kitakachomfaa yeye.

Kuhusu deraya, kosa liko katika bei mnayoitumia. Kwa kanuni za toleo lenu, silaha na deraya zilizookotwa zikiuzwa huleta nusu ya bei ya dukani, ilhali vito huuzwa kwa thamani yake yote. Kundi likimwachia mpiganaji deraya, kinachopotea ni 750 ambazo mngezipata sokoni, wala si 1,500. Jumlisha 750 na zile 1,600, upate 2,350. Gawanya kwa wanne, upate 587 na nusu kwa kila mmoja. Mpiganaji amekwisha kupita fungu lake kwa ile deraya peke yake, kwa hiyo asiguse sarafu hata moja, wenzake wachukue 533 kila mmoja, na yeye abaki na deni la sarafu 162 na nusu. Liandikwe. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari ninalolisema ni la karatasi, lenye tarehe, la kuwekwa katikati ya meza mahali ambapo kila mtu anaweza kulifungua bila kuomba ruhusa.

Mwalimu wa Nakuru amejibu:

Naunga mkono hesabu ya Mzee, ila haitatui suala la pete. Deraya ilikuwa na mvaaji mmoja tu, lakini pete inaweza kuvaliwa na wote wanne, na vitu kama hivyo havina bei ya dukani iliyokubaliwa. Hapo ndipo mimi, ambaye hufundisha hisabati shuleni, hutumia njia ambayo Hugo Steinhaus, mwanahisabati wa Poland, aliieleza mwaka 1948 katika maandishi yake kuhusu ugawaji wa haki, akimtaja mwenzake Bronisław Knaster kuwa ndiye aliyeibuni.

Kila mchezaji aandike kwa siri, kwenye kipande cha karatasi, sarafu ambazo kwa maoni yake kitu kile kinastahili. Tuseme wameandika 400, 320, 240 na 160. Robo ya makadirio ya kila mmoja ndiyo haki yake kwa macho yake mwenyewe: 100, 80, 60 na 40. Mwenye 400 anachukua kitu na kuweka mezani 300, yaani makadirio yake ukitoa robo yake. Wenzake wanachukua haki zao, jumla 180. Zinabaki 120, ambazo zinagawanywa sawa, 30 kwa kila mmoja, akiwemo yule aliyechukua kitu. Kwa hiyo yeye ametoa 270, na wenzake wamepata 110, 90 na 70.

Angalieni lililotokea, kwa sababu mimi kila nikiifanya hesabu hii ubaoni huona wanafunzi wakiirudia mara mbili ili wahakikishe: kila mmoja amepata zaidi ya kile alichokiona yeye mwenyewe kuwa haki yake. Yule aliyekadiria 160 alitarajia 40, naye ameondoka na 70. Hakuna aliyelazimishwa kukubali makadirio ya mwenzake. Iko tahadhari moja. Mshindi lazima awe na sarafu za kulipa, la sivyo njia hii itakuwa ya matajiri peke yao. Kwa hiyo sarafu za hazina zigawanywe kwanza, vifaa vifuate.

Binti Mvuvi (Dunga, Kisumu) amejibu:

Mwalimu, naiheshimu hesabu yako, na kwa pete nadhani inafaa. Hata hivyo sipendi kila kitu kigeuzwe kuwa bei, maana wachezaji watafika mahali pa kumtazama mwenzao aliyeanguka huku wakiuliza dawa ya kumwinua italipwa na nani.

Baba yangu alikuwa mvuvi wa mbuta. Walipotia nanga alfajiri na samaki wakisha kupimwa, haikugawanywa shilingi yoyote kabla ya gharama ya mafuta kutolewa. Kisha mashua ikapata fungu lake, nyavu zikapata lao, na kilichosalia ndicho wavuvi walichogawana. Nilipokuwa mdogo nilishangaa jinsi mashua ilivyolipwa kama mtu. Niliacha kushangaa msimu ule ubao wa chini ulipooza, na fedha za kuununua mpya zikawa zipo tayari bila mtu kuchangishwa.

Kundi lenu halina fungu la mashua. Kasisi wenu akifikia daraja la kuweza kumrudisha hai mtu aliyekufa kabla dakika moja haijapita, uganga huo utateketeza almasi za thamani ya sarafu 300 kila mara. Nani atazinunua? Ikiwa ni kasisi kutoka fungu lake, mtakuwa mmemtoza kodi kwa kuwaokoa ninyi. Wekeni mfuko wa kundi, na nashauri deni la mpiganaji liingie humo badala ya kukatwakatwa vipande vya sarafu 54.

Kuhusu aliyekuwa Busia, baba na wenzake walikuwa na desturi yao. Mvuvi aliyeugua hakupata fedha za siku ile, lakini hakukosa samaki wa kitoweo. Mtoto wake aliitwa ufukweni na kupewa. Kwenu nyinyi, hata hivyo, hali ni tofauti, na naomba muizingatie tofauti hiyo: mchezaji hakuwepo, lakini kasisi mwenyewe alikuwa ndani ya pango, alitumia uganga wake, na moto wa joka ungeweza kumuua wakati mwenyewe yuko safarini, hana hata nafasi ya kurusha dadu kwa mkono wake. Aliyehatarisha uhai amevua. Apewe fungu kamili. Kama siku nyingine mhusika ataachwa kijijini akipumzika, basi hapo kitoweo kitatosha, kwa mfano chupa moja ya dawa.

Neno la mwisho ni kwako, ndugu msimulizi. Hazina ya pangoni haikujiweka yenyewe. Ukiona deraya, panga na ngao vinafuatana mwezi baada ya mwezi, ni kwa sababu wewe ndiye unayeviandika. Mchawi wako anangoja hati yenye uganga asioujua. Kumbuka pia kwamba katika toleo lenu mhusika hawezi kujifunga na vifaa vya kimaajabu, yaani kujiunganisha navyo ili nguvu zake zimfanyie kazi, zaidi ya vitatu kwa wakati mmoja, na pete hiyo ni mojawapo ya vile vinavyohitaji mtu ajifunge navyo. Muulize mpiganaji anavyo vingapi tayari.

Kalamu ya Bungoma amejibu:

Nitasema juu ya kikaratasi tu. Mhusika kuwa mwizi si tatizo, wala kuandikiana siri na msimulizi si tatizo, mradi wote mezani walikubali tangu mwanzo kwamba mchezo wenu una mambo hayo. Ikiwa hawakukubali, basi aliyeibiwa si mpiganaji wala mchawi wa kubuni. Ni rafiki zako walioacha shughuli zao za Jumamosi, wakapanda matatu kuja kwako, na hawajui kwamba wanapunjwa. Wewe ukinyamaza unakuwa umeshiriki. Usimwadhibu ndani ya mchezo kwa kumtumia walinzi au laana. Mpigie simu, zungumza naye kama mtu mzima, umpe nafasi ya kulisema mwenyewe.

Mwanamigosi (Kisumu) amerudi:

Nawashukuru nyote kwa dhati. Tumekutana jana, na nimeona ni haki nieleze tulivyofanya.

Nilimpigia mwenye mnyatiaji siku ya Alhamisi. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba alidhani ni jambo la kuchangamsha mchezo na kwamba tangu siku ile ameshindwa kupata namna ya kulitoa. Jana, kabla hatujanywa hata chai, alisema mwenyewe mbele ya wote. Mwenye kasisi ndiye aliyemjibu kwanza: "Nilikuachia mhusika wangu umlinde, nawe ulimlinda." Hakuna aliyeongeza neno. Kito kimewekwa katika mfuko wa kundi, na fungu la kasisi tumelitoa kamili.

Kwa deraya tulifuata hesabu ya Mzee. Mpiganaji aliirudia yeye mwenyewe kwenye simu yake, akakubali kwamba hatapata sarafu na kwamba ana deni. Ikumbukwe kwamba alikuwa tayari amejifunga na vifaa viwili, kwa hiyo pete ingeijaza nafasi yake ya mwisho. Hata hivyo alitaka kushindana. Tukakata karatasi nne. Mchawi aliandika 600, mpiganaji 500, kasisi 300 na mnyatiaji 200. Pete ikaenda kwa mchawi, ambaye baada ya mgao wote alikuwa ametoa sarafu 400 na kubakiwa na 133. Mpiganaji alipata 175, kasisi 125, mnyatiaji 100.

Mpiganaji alizitazama zile 175, akalipa deni lake la 162 na nusu kwenye mfuko wa kundi, kisha akasukuma na zile 12 na nusu zilizosalia. Pamoja na kito zikawa 275. Mnyatiaji akaongeza 25 zake bila kuombwa. Daftari ni la kurasa 96, lenye jalada la bluu, na mstari wake wa kwanza, kwa mwandiko wa mchawi, unasema: almasi, sarafu 300, za yeyote atakayeanguka.