Ujuzi wa timu iliyotawanyika uwekwe wapi?

Mfasiri wa Mkomani, Lamu
Assalaam aleikum. Sisi ni wafasiri watano: wawili tuko Lamu, mmoja Malindi na wawili London, na kazi yetu yote hufanyika mtandaoni. Mwenzetu mmoja alipoacha kazi, ndipo tulipotambua kwamba sababu za kuchagua istilahi fulani na kuikataa nyingine zilibaki kichwani mwake, au zilizama katika jumbe za sauti za WhatsApp, ambazo ukitaka neno moja huna budi kuzisikiliza zote. Je, wenzangu mnaofanya kazi mkiwa mbalimbali, hugawanaje ujuzi wa namna hii bila ya kuongeza vikao?

Mwanamalindi
Wa aleikum salaam, Bwana Mfasiri. Kijana anayejifunza kuunda majahazi pale Matondoni hapewi kitabu; hukaa na fundi akaona tezo inavyoshikwa na ubao unavyokataliwa. Mwanafalsafa Michael Polanyi aliuandikia ujuzi huu usiosemeka mwaka 1966, na kwenu ndio uliopotea. Fasirini wawili wawili katika waraka mmoja mtandaoni, hata kwa nusu saa kwa wiki, na mzoefu aseme kwa sauti kila anaposita, kwa kuwa hapo anaposita ndipo ujuzi wake ulipo.

Binti Shela
Kaka Mwanamalindi amesema kweli, ila anayejiunga mwakani hatakuwa amekaa nanyi. Waandishi wa programu wanaotumia Git, chombo cha kutunza historia ya mabadiliko kilichoanza mwaka 2005, huambatisha maelezo kwa kila badiliko, pamoja na jina na tarehe. Na Wikipedia ya Kiswahili ina ukurasa wa majadiliano nyuma ya kila makala. Nanyi wekeni daftari moja la pamoja, na kila istilahi iandikiwe sababu yake siku ileile, hata ikiwa ni sentensi moja, pamoja na neno lililokataliwa, kwani hilo ndilo mgeni atakalolipendekeza tena. Jambo lililoamuliwa kwa sauti lisihesabiwe kuwa limeamuliwa mpaka liandikwe. Daftari lisilo na mwangalizi hufa, basi pokezaneni zamu.

Mwanamalindi
Hapo nakubali. Na saa je? Sisi tukiandika "saa tatu" asubuhi, wa London huweza kusoma 3:00. Andikeni 09:00, saa za Afrika Mashariki, mkikumbuka kwamba London iko nyuma yetu kwa saa tatu wakati wa baridi na mbili wakati wa kiangazi.

Mfasiri wa Mkomani, Lamu
Ahsanteni. La saa limetukuta mara mbili, nami nilidhani ni uvivu wao. Mwenzetu aliyeondoka amekubali kukaa nasi mtandaoni Jumamosi mbili. Yeye atasema, nami nitaandika daftarini.