Naomba ushauri: mabuyu yanamharibu meno mwanangu

Assalam alaykum kina mama na kina baba. Kijana wangu ana miaka 6, tunakaa Majengo. Akitoka chuo jioni hupitia mabuyu, arudi ulimi mwekundu mpaka kidevuni, akinisomea sura aliyohifadhi. Wallahi raha ile siisemi. Lakini gego limetoboka, usiku analia. Jirani aniambia niliache, ni la utotoni, litang'oka. Magego ya utotoni hukaa mpaka miaka 10 hadi 12, ateseke muda wote huo? Kwa daktari nampeleka. Ninaloomba ni hili: wenu mumewaachishaje mabuyu, na njia nzima yauzwa? Pesa simpi, ila nyanyake humpa, na mama mkwe namstahi. Nianze vipi kumwambia?