Huyu mzee James Carville aliingiaje kwenye kazi ya mikakati ya siasa?

Kinyozi_Mbagala
Wakuu habari za jioni. Kila nikifungua simu nakutana na klipu za mzee mmoja wa Marekani, kipara, anaongea haraka kama kuna mtu anamkimbiza, anaitwa James Carville. Wanamuita mtaalamu wa mikakati wa chama cha Democratic. Sasa mimi nauliza, hii kazi mtu anaisomea wapi? Maana huku kwetu ukiwa na mdomo tu tayari we ni mchambuzi. Na alifanya nini hasa mpaka leo bado anaitwa kwenye TV? Mwenye kumjua atiririke, tusiambiane mambo ya kagugo.

Mtoto_wa_Chwaka
Mkuu huyo hakuisomea popote. Kazaliwa 1944, kakulia kimji kinaitwa Carville kule Louisiana, ndo hilohilo jina la ukoo wao. Akapita jeshini, kikosi cha Marines, miaka miwili, akarudi chuo kikuu cha jimbo (LSU), akasoma sheria, akawa wakili Baton Rouge ila uwakili haukumkaa. Akahamia kampeni na huko napo ni kipigo juu ya kipigo, 1982 useneta Virginia mtu wake kapigwa, 1984 useneta Texas mtu wake Lloyd Doggett kachapwa vibaya na Phil Gramm. Yani anatimiza miaka 40 hana ushindi wa maana hata mmoja. Halafu 1986 akamchukua Bob Casey, agombee ugavana Pennsylvania, na huyo Casey naye alishautafuta huo ugavana mara tatu akakosa zote 😂 wakakutana wawili wenye nuksi, wakashinda. Carville ndo kwanza katimiza 42.

Fundi_Kura
Umeiacha ya 1991 na ndo tamu. Seneta John Heinz wa Pennsylvania alikufa kwa ajali ya ndege, kiti akapewa Harris Wofford akishikilie, uchaguzi mdogo ukaja akapangiwa Dick Thornburgh ambaye alikuwa gavana zamani na ametoka tu kuwa Mwanasheria Mkuu wa Rais Bush (mzee). Wofford alianza nyuma kwa zaidi ya pointi 40. Carville na mwenzie Paul Begala wakamshikisha jambo moja, matibabu, ikawa hoja yake ni kama mhalifu ana haki ya kupewa wakili basi mfanyakazi akiugua naye ana haki ya daktari. Kura zikahesabiwa Wofford 55 kwa 45. Bill Clinton, aliyekuwa anautaka urais 1992, akawachukua fasta.

Na ule msemo wa "uchumi, mjinga wewe" watu wanadhani ilikuwa kauli mbiu ya wapiga kura, hapana, ulibandikwa ukutani ofisi ya kampeni Little Rock kwa ajili ya wafanyakazi wenyewe, wasitoke nje ya mada. Ulikuwa na ndugu zake wawili, mmoja kuhusu mabadiliko na mwingine msisahau afya. Kazi yenyewe ndo hiyo mkuu, kumzuia mgombea wako asiongee mambo 20 kwa siku.

Mpinzani_Sugu
Mnampamba sana aisee. 1992 Clinton kapata asilimia 43 tu, Ross Perot, mgombea binafsi, kala karibu 19, uchumi wenyewe ulishamchosha mwananchi, hata mimi ningeshinda. Mbona ya Bolivia hamsemi? Kampuni yake ilimnadi Gonzalo Sánchez de Lozada kwenye urais 2002, akapita na asilimia 22 na ushee, mwaka uliofuata watu wakaingia barabarani, wakauawa makumi, rais akakimbilia Marekani. Hawa washauri wakimaliza wanapanda ndege zao, anayebaki na moto ni mwenye nchi. Wakenya wanaujua huo mchezo, waulizeni kuhusu Cambridge Analytica, ile kampuni ya Uingereza iliyoshauri kampeni kwao. Halafu 2024 si aliandika gazetini ana uhakika Kamala Harris anashinda?

Fundi_Kura
Bolivia nakupa, sina utetezi. Ya Perot kumnyima Bush kura siyo, waliompa kura Perot walipohojiwa vituoni chaguo lao la pili liligawanyika karibu sawa kwa Bush na Clinton. Na 2024 aliongea kama mchambuzi, mchambuzi akikosea kesho anaitwa tena studio. Angekosea vile akiwa kwenye kampeni asingepata kazi nyingine.

Mama_Nasra
Mie nimekuja kwa ajili ya ndoa tu 😅 mkewe Mary Matalin mwaka huohuo wa 1992 alikuwa mkubwa kwenye kampeni ya Bush, huyu yuko kwa Clinton, wanatupiana madongo mchana kutwa, na 1993 wakafunga ndoa New Orleans, wana mabinti wawili. Mie na baba Nasra tunanuniana kisa Simba na Yanga.

Kinyozi_Mbagala
Asanteni sana, dada Mama Nasra umenivunja mbavu. Kumbe mtu anakaa anapigwa tu mpaka 42? Mi nina 36, udiwani nimekatwa kura za maoni mara moja tu na wife anasema niache siasa nirudi saluni. Leo namsomesha huu uzi wote.